Chuo Kikuu cha Farasi, Tawi la Kariobangi

Ochola alikipata chuo kikuu chake kikiwa kimefungia nusu kilo ya nyama.

Ilikuwa mwaka wa sabini na nane, katika bucha ya Mzee Ndung'u pale Kariobangi. Nyama ya Ndung'u ilifungwa kwa karatasi yoyote iliyopatikana: magazeti ya zamani, vitabu vya hesabu, majarida yaliyotoka majumbani mwa wazungu waliokuwa wakifunga virago kurudi kwao. Ochola alifungua kifurushi chake mezani, akapangusa damu kwa kidole, akaona picha ya msichana juu ya farasi. Chini yake iliandikwa kwamba katika chuo kikuu fulani ng'ambo mtu aweza kusomea shahada ya farasi na upandaji wake. Aliisoma mara mbili. Nyama ikasahaulika.

Tuseme ukweli kuhusu Ochola. Alikuwa mtu wa suti moja na maneno mengi. Kiwanja kimoja cha Kayole alikuwa amekwisha kuwauzia watu wanne, wote washirika wa kanisa moja, na bado walikuwa wakimwombea. Lakini kazi ya viwanja ilikuwa na vumbi, naye kwa muda mrefu alikuwa akihisi kwamba wito wake halisi ulikuwa elimu.

Nyuma ya kaunta Ndung'u alikuwa akikata mbavu na kulalamika.

"Omolo wa reli amepita tena na barua ya kijana wake aliye chuoni India. Amenisomea yote. Ati kule mvua inanyesha. Mimi nimemuuliza mvua ya India inanihusu nini? Akacheka. Wacera wangu akakosa nafasi ya chuo kwa pointi moja, na sasa lazima nisomewe mvua."

"Baba Wacera," alisema Ochola taratibu, "wazungu wanaondoka au hawaondoki?"

"Wanaondoka."

"Na farasi wao? Wanapanda nao ndege?"

Shoka la Ndung'u lilisimama hewani. "Sijawahi kusikia."

"Basi fikiria. Mzungu anaondoka, farasi anabaki. Wa mbio, wa polisi, wa mashambani. Nani atawasimamia? Hapa nchini kote hakuna Mwafrika hata mmoja mwenye digrii ya farasi." Akainua ile karatasi yenye damu kama padri anayeinua sakramenti. "Nilikuwa sitaki kuongea mapema. Wamenipa tawi."

Ndung'u aliiangalia picha kwa muda mrefu. Hakuwa mjinga. Lakini alikuwa mzazi, na jirani yake alikuwa na mtoto India.

"Hii digrii," aliuliza, "ni kubwa kuliko ya uhasibu?"

"Mzee wangu, mhasibu anakaa kwenye kiti. Huyu anakaa juu ya farasi."

Hesabu za chuo zilikwisha hapo hapo. Ochola aliondoka na karo ya muhula wa kwanza, na ile nusu kilo hakuilipia.

Chuo kilifunguliwa katika chumba cha kukodi nyuma ya soko. Kwa kuwa farasi hawakuwapo, Profesa, kama alivyoitwa sasa, alilaza pipa tupu la mafuta juu ya mabenchi mawili na kulifunga gunia la pumba liwe tandiko. Wanafunzi walipanda na kushuka, wakapanda na kushuka. Profesa alisimama kando na fimbo ya mwanzi akisema "Mgongo wima" na "Usimtishe," na kwa kweli pipa halikutishika hata siku moja. Masomo yote aliyatoa katika ukurasa ule mmoja. Ulipokwisha aliurudia kwa sauti nzito zaidi na kuuita mwaka wa pili.

Kila somo lilifungwa kwa maneno yale yale: "Mwanafunzi wa farasi lazima amjue farasi nje na ndani." Hakujua maana yake. Aliyapenda tu yalivyokaa mdomoni.

Phelister, muuza samaki wa pale sokoni aliyemwandikisha mwanawe wa kiume, alikuja siku moja na karai lake kichwani, akasimama mlangoni.

"Profesa, mtoto wangu amekalia pipa tangu nimlipie. Akimaliza ataajiriwa wapi, kituo cha petroli?"

"Mama, daktari huanza na nani? Maiti. Umesikia maiti akilalamika?"

"Maiti angalau aliwahi kuwa mtu. Hili pipa liliwahi kuwa farasi?"

Wanafunzi walicheka mpaka mmoja akaanguka kutoka kwenye pipa, na Profesa akampunguzia alama.

Wacera hakucheka. Alikuwa msichana mrefu, mkimya, mwenye macho ya kukaa juu ya kitu mpaka akimalize. Yeye aliuliza maswali.

"Profesa, farasi hulala amesimama ama hulala chini?"

Ochola alikohoa. "Inategemea. Wa diploma hulala chini. Wa digrii husimama."

Wacera aliandika. Kisha akayatazama maandishi yake, akamtazama mwalimu wake, akafunga daftari.

Hapo ndipo kosa lilipokuwa. Katika miaka yake yote ya kazi, Ochola alikuwa amejipanga kwa mzazi mkali, kwa polisi, kwa chifu na kwa mke wa mtu. Hakuwahi kufikiria kwamba siku moja angepata mwanafunzi anayetaka kusoma.

Wazazi walipozidi kunung'unika, alitangaza mahafali. Siku hiyo farasi wa chuo angekuja mwenyewe, kila mhitimu angempanda mbele ya watu, na kila mzazi angelipa ada ya mwisho, ile ya kusajili shahada ng'ambo. Baada ya hapo Profesa angepanda basi la usiku kwenda Kisumu na sanduku lake, na elimu ya juu ingejitegemea.

Farasi alimpata kwa Nabiswa, saisi aliyetunza farasi wa wazungu karibu na uwanja wa mbio. Nabiswa alikuwa na mabega ya mlango wa kanisa na alizungumza polepole, jambo ambalo Ochola alilifasiri vibaya kuwa ni ujinga. Farasi mmoja aliyestaafu mbio, jina lake Gavana, mwekundu mwenye kipaku cheupe usoni, alikuwa hana kazi. Mama mzungu mwenye farasi huyo alikuwa pwani mpaka Jumatatu. Ochola alisema ni kwa ajili ya maigizo ya kanisa, Yesu akiingia Yerusalemu.

"Si yule alikuwa punda?" aliuliza Nabiswa.

"Kanisa letu limeendelea."

Nabiswa alimfikiria. "Jumamosi jioni awe hapa. Mimi najua kwenu, Ochola. Namjua mjomba wako. Gavana asiporudi, nitakuja kwenu, na sitakuja kunywa chai."

Kwa hiyo shauri lilikuwa moja tu: Gavana arudi. Kila kitu kingine Ochola angeweza kukitolea maneno. Nabiswa hakuwa na mahali pa kuingizia maneno.

Jumamosi Gavana alifika Kariobangi juu ya lori la makaa, akashuka kama mkaguzi wa shule. Watu walijaa mpaka juu ya mapaa. Ochola, aliyekuwa hajawahi kumshika farasi, alishika kamba kwa ncha ya mwisho kabisa na kuhutubia kutoka huko. Wahitimu walipanda mmoja mmoja wakiwa wamefumba macho. Wacera peke yake alimshika farasi shingoni kwanza, akamnong'oneza kitu, akapanda bila kusaidiwa, akamzungusha uwanjani kwa mwendo wa taratibu hata kelele zikanyamaza. Omolo wa reli aliona. Ndung'u akahakikisha kwamba ameona.

Ochola naye alilewa heshima. Mkono ulipoinuka kwenye hotuba, mdomo ulifuata. "Na farasi huyu," alisema, "ni zawadi ya chuo kwa mzazi bora wa mwaka, Mzee Ndung'u." Yalikuwa maneno tu, ya kufungua mifuko, na mifuko ilifunguka. Ada ya mwisho iliingia yote, akaifungia sandukuni, na sanduku akaliweka ndani ya bucha, chumba cha mbele, penye usalama.

Ndung'u akampeleka Gavana nyuma ya bucha, halafu wakala. Ndung'u alichoma nyama siku ile kama harusi. Ochola alikula mbavu, akala paja, akalamba vidole.

"Baba Wacera, nyama hii ni laini ajabu."

"Ongeza, Profesa. Ni siku yako."

Aliongeza. Jua lilipoanza kuteremka alijifuta mdomo. "Sasa nipe Gavana nimpeleke akapumzike."

"Gavana yupi?"

"Farasi."

Ndung'u alitazama sahani ya Profesa, akamtazama Profesa, akatazama sahani tena.

"Lakini umemla."

Ochola alicheka. Ndung'u hakucheka. Alimchukua nyuma ya bucha. Pale kwenye ndoano ya chuma ilining'inia hatamu ya Gavana, na chini yake kilikuwa kifungu cha nywele nyekundu za mkia.

"Ulinipa zawadi mbele ya watu wote," alisema Ndung'u kwa unyenyekevu. "Mimi ni mchinjaji, Profesa. Ungempa fundi cherehani angeshona. Tena wewe mwenyewe umefundisha, kumjua farasi nje na ndani. Wacera alimaliza nje asubuhi. Nikasema mimi nisaidie upande wa ndani."

Ochola aliigusa hatamu kwa kidole, akakipangusa haraka kwenye suti.

"Mimi nilidhani umetambua," aliendelea Ndung'u. "Mtu wa digrii. Nilipoona unaongeza, nikasema, huyu kweli ni mtaalamu. Halafu kuna mgeni wako mbele. Mtu wa mabega. Anaitwa Nabiswa. Anauliza farasi. Nimempa kiti akakataa, amekalia lile sanduku lako."

Historia haikuandika Profesa aliruka ua wa mabati kwa mtindo gani. Inajulikana tu kwamba koti lilibaki juu, kiatu kimoja kikabaki chini, na sanduku likabaki chini ya Nabiswa. Kutoka siku hiyo Kariobangi haikumwona tena.

Kisumu alianza upya na dawa ya kuotesha nywele, iliyomletea riziki ya kadiri na maadui wenye vipara. Lakini jambo moja halikurudi. Kila alipofikisha nyama mdomoni aliona kipaku cheupe. Aliishi kwa samaki na mboga, na watu wakamdhania mcha Mungu.

Miaka mitano ilipita. Kwenye maonyesho ya kilimo, akiwa na chupa zake mkononi, aliona watu wakikimbilia uwanjani. Farasi walikuwa wanapita. Wa mbele alikuwa mwekundu, mwenye kipaku cheupe usoni, na juu yake mgongo wima, kofia nyeusi kichwani, alikuwa Wacera.

Naye alimwona Ochola. Akamsogeza farasi mpaka kwenye kamba.

"Habari ya siku nyingi, Mwalimu."

Ochola alificha chupa zake nyuma ya mgongo.

"Ulisema wa digrii husimama. Nikapanda basi nikaenda mazizini kujionea, wiki moja kabla ya mahafali. Nilipokutaja, Nabiswa akaniuliza mchezo wa Yesu umefika wapi, nasi tukamwambia baba." Alimpapasa farasi shingoni. "Sanduku lilirudishia kila mtu ada yake ya mwisho. Gavana tulimrudisha mimi na Nabiswa jioni ile ile. Yule mama mzungu alirudi mapema, akanikuta juu yake. Nikadhani atanifunga. Akaniambia nishushe visigino. Ndivyo nilivyopata kazi."

"Na mzee?" aliuliza Ochola. "Ndung'u?"

"Tulimzika mwaka jana." Alitazama mbali kidogo. "Hata hospitali, akiwa hawezi kukaa, nikimkumbusha ulivyoongeza nyama alikuwa anacheka mpaka nesi anakuja. Alikuwa akisema nikikuona nikusalimie. Na nikuambie ilikuwa ng'ombe."

"Ng'ombe?"

"Ng'ombe, Mwalimu. Mtamba. Nywele zilikatwa mkiani tu, zikaota."

Akageuza farasi, akaondoka.

Harufu ya nyama choma ilikuwa inavuka uwanja. Ochola aliifuata mpaka kwenye moto, akasimama mbele ya mchomaji, mate yamejaa mdomoni. Miaka mitano. Ng'ombe, alisema msichana. Lakini msichana alikuwa mtoto wa Ndung'u. Na farasi wekundu wenye kipaku cheupe ni wengi duniani, na yeye, Profesa wa farasi, hakuwa na njia yoyote ya kumtambua mmoja kati yao.

"Nikukatie wapi, mzee?" aliuliza mchomaji.

Ochola alinyoosha kidole kuelekea paja, akakirudisha.

"Samaki wanauzwa upande gani?" akauliza.