Ndani ya Filta Kuna Nini?

Jumatatu, 3 Machi

Dada ameondoka kwenda kozi ya wiki nzima, na pikipiki kaniachia mimi! Mumewe amenuna. Sharti ni moja: nibadilishe oili na filta kwa mikono yangu kabla hajarudi Jumapili. Nikiweza, pikipiki ni yangu moja kwa moja, yeye atanunua nyingine. Nikiboronga, inakwenda kwa shemeji. Shemeji akaniuliza kwa upole kama najua filta inakaa wapi. Nikamwambia inakaa mahali pake. Alipotoka nikaanza kuitafuta.

Jumanne, 4 Machi

Nimeipata! Ubavuni mwa injini, nyuma ya kifuniko chenye boliti tatu. Nyeusi tititi. Nikaibeba hadi duka la spea. Nilitaka kubwa kuliko zote, maana kubwa si ndiyo inachuja zaidi? Muuzaji akasema kila injini ina yake. Akalinganisha ya zamani na mpya, zikalingana, ya zamani akaitupa. Muuzaji huyu na shemeji ni chanda na pete, kila jioni wanacheza drafti pale dukani. Nimekaa chonjo.

Jumatano, 5 Machi

Swali limeninyima raha tangu asubuhi: ndani kuna nini? Oili inaingia chafu, inatoka safi. Uchafu unashikwa na nini? Nikachukua kisu cha jikoni, nichungulie kidogo tu. Karatasi! Karatasi tupu, imekunjwakunjwa katikati ya vibati viwili. Nikavuta. Ikaja. Nikavuta tena. Imeanzia mlangoni ikafika kitandani! Chumba changu ni kidogo, lakini hata hivyo. Nani alikaa akafikiria jambo kama hili? Nimeishangaa mchana kutwa. Kuirudisha ndiko kulikonishinda.

Alhamisi, 6 Machi

Kununua nyingine ni kujianika, shemeji atajua kabla sijafika nyumbani. Nikavaa helmeti, nikashusha kioo, nikaingia dukani na sauti ya kukwaruza. Muuzaji akanisalimu kama kawaida, akauliza ile filta ya juzi imenipa shida gani. Nikasema shida hakuna, nataka plagi. Sasa nina plagi.

Ijumaa, 7 Machi

Dawa imepatikana! Nimeipiga pasi karatasi, mkunjo baada ya mkunjo, halafu nikabandika vibati kwa gundi. Imenenepa kidogo. Nikaisukuma kwa kiganja mpaka ikakubali. Oili mpya, kifuniko, boliti. Injini ikawaka mara moja! Shemeji alikuja kuchungulia, akakiri kwamba hakutegemea. Kusema kweli nilimhurumia. Pikipiki nimeifuta vumbi mara mbili, kama mwenye mali.

Jumapili, 9 Machi

Dada amerudi. Akawasha, akazunguka mtaa, akarudi anaisukuma. Injini inagonga. Shemeji akafungua kifuniko, akatoa karatasi iliyolowa chapachapa, gundi inavutika. Dada akaishika kwa vidole viwili, akaitazama mikunjo kwa muda mrefu.

"Hii umeipiga pasi?"

"Pande zote mbili," nikamjibu, ajue kwamba sikufanya kazi nusunusu.

Pikipiki imekwenda kwa shemeji. Imeniuma, sifichi. Nilijifungia chumbani nikafuta macho. Shemeji hata hakunicheka. Ana roho nzuri mpaka inakera. Amekwenda dukani kuchukua filta nyingine, ameniomba niiangalie tu pikipiki mpaka arudi, nisiiguse.

Naiangalia. Chini upande wa kushoto kuna boliti ndogo ambayo sikuwahi kuiona. Inashika nini? Haionekani kushika chochote. Spana namba nane inaingia vizuri sana.