Ukumbi wa Zege la Mkonge Wafunguliwa Rasmi

Mheshimiwa Gavana, ambaye hakuweza kufika, Mheshimiwa mwakilishi wa Gavana, ambaye yuko njiani, Baba Paroko, wajumbe wa kamati ndogo ya kamati kuu, na ninyi akina mama wachambuaji mkonge wa Santa Eduviges! Mimi, Lisensiado, yaani msomi mwenye shahada, Evaristo Canché, Mkurugenzi wa Ujenzi Endelevu katika jimbo letu la Yucatán, nasimama hapa kwa unyenyekevu mkubwa kuliko wa mkurugenzi mwingine yeyote. (Makofi ya watu wawili. Mmoja ni dereva wake.)

Tazameni ukuta ulio nyuma yangu! Hilo ndilo zege la jiopolima, halina saruji hata chembe, ni majivu na udongo wa kuchoma, likaimarishwa kwa nyuzi za mkonge wenu kwa mujibu wa mkakati jumuishi, shirikishi na fungamanishi wa awamu tisa, ambao utawakinga na kimbunga asilimia mia moja na nne ya wananchi. (Bibi Bartola Uc, mstari wa mbele: "Kimbunga ni mwezi ujao, mwanangu. Tuingie kwa mlango gani?") Swali zuri sana, litaundiwa kamati.

Aidha, yapo maneno ya vichochoroni kwamba niliwaamuru mkatekate mkonge wa mwaka mzima vipande vya urefu wa kidole, na sasa hamna uzi wa kusukia vitanda vya kuning'inia. (Bibi Bartola tena: "Maneno gani! Wajukuu wangu wanalala chini na nge!") Nasisitiza kwamba vipande hivyo vimepokelewa, vimekaguliwa na vimepigwa picha. ("Na vimeoza! Nilikwambia vianikwe kwanza, ukaniuliza nina cheti gani!" Kicheko. Hata Paroko.)

Mkonge juu! (Dereva peke yake anainua mkono.) Jiopolima juu zaidi! ("Shuka wewe!")

Kwa kumalizia, namshukuru kwa dhati fundi Fidencio, aliyeuchora ukumbi huu juu ya turubai usiku kucha hata mtu akadhani una kina, na wale mabwana wanne wanaoshikilia miti ya turubai hilo huko nyuma. Upepo huo unakuja, jamani, msiachie mpaka mpiga picha amalize. Asanteni!

(Bibi Bartola: "Achieni! Turubai hilo linatoa vitanda sita vya kuning'inia. Nawe Evaristo, shuka uje ule kwanza, umekonda kwa uongo.")