Rangi ya Maziwa

4 Agosti, Jumapili

Ninakufa. Daktari hasemi hivyo. Anasema ni magoti na presha, nipunguze chumvi na hasira. Lakini mimi nilikuwa mkaguzi wa shule, najua mtu anapoficha alama. Basi kabla sijafumba macho, nakiri humu yote ninayoyatenda, maana kwa binti yangu sithubutu.

Mjukuu wangu anaolewa Jumamosi. Leo kikao cha familia. Shemeji, kaka wa marehemu mke wangu, katoa gari lake jipya limbebe bibi harusi. Jeusi, linang'aa kama kiatu cha mgombea. Makofi! Na gari langu je? Lililopanda milima na kuogelea matope wakati hilo lake bado halijatungwa mimba? Binti yangu kasema la kwangu limeliwa na kutu, mlango wa nyuma umefungwa kwa kamba, bibi harusi ataingia mzima atoke na pepopunda. Tena Jumatatu ya wiki ijayo anakuja mnunuzi wa vyuma chakavu kulichukua.

Vyuma chakavu!

Nikakohoa. Kikohozi kizuri, cha kutoka chini kabisa. Nikasema kwa sauti ya kukatikakatika kwamba ombi langu la mwisho ni kumfikisha mjukuu wangu ukumbini kwa gari langu. Binti akaguna: haya, kama kufikia Ijumaa litafanana na gari la harusi, limbebe; na likimfikisha, mnunuzi atarudishwa alikotoka. Shemeji akanipapasa bega, akasema ugua pole. Mnafiki.

5 Agosti, Jumatatu

Nimemwita mekanika aniambie kama inafaa kulipaka rangi upya. Mwenye adabu akiombwa ushauri hukubali. Huyu hana. Akalala chini ya gari hadi nikadhani kasinzia. Akatoka na jibu: mzee, breki zimelegea, sakafu inaonyesha barabara, kupaka rangi hapa ni kumpaka poda mgonjwa wa mguu. Breki kwanza. Uzee, akasema, haufichwi kwa rangi. Akatazama nywele zangu.

(Nazipaka. Nakiri.)

Nikamjibu kwamba harusini hakuna mgeni anayekagua breki.

6 Agosti, Jumanne

Kwa fundi rangi. Karakana yake ni nguzo nne na mabati yaliyooza kwa kutu, juani yanavuja mwanga, mvuani yanavuja yenyewe. Akauliza rangi gani. Ningesema bluu, lakini neno hilo la Kiingereza halijawahi kupita kinywani mwangu. Nililikata kwa wino mwekundu miaka yote ya kazi. Samawati? Hiyo ni ya anga. Mimi nataka ya maji. Nilikuwa nikishuka mlimani kwenda kukagua shule, asubuhi, maziwa mawili chini yangu, hayana hata kiwimbi, nami kwenye gari hili hili. Rangi ile! Nikamwambia: rangi ya maziwa.

Akauliza, maziwa matupu au yenye maji kidogo? Swali la kitoto. Nikamjibu kwamba maziwa yasiyo na maji hayapo duniani. Akacheka mpaka akashika nguzo, akasema ndivyo anavyoambiwa kila asubuhi na yule anayemuuzia. Sikuelewa nani anamuuzia nini. Mafundi wana utani wao.

7 Agosti, Jumatano

Adui asipumzike. Leo nimepita nyumbani kwa shemeji akiwa amelala mchana, nikamwaga mchele juu ya boneti ya gari lake. Kuku ni wake mwenyewe, kucha ni zao, mimi sijagusa kitu. Nilijibanza nyuma ya tangi la maji nikisubiri. Kuku wakaja. Wakapita. Kumbe wameshiba! Kuku wa tajiri nao ni matajiri. Nikaondoka taratibu.

Jioni shemeji kaja na mkongojo wangu mkononi. Kasema, "Shemeji, fimbo yako imekuja kunitembelea. Nimeikuta juu ya gari, inapika wali." Binti kanitazama. Nikakohoa.

9 Agosti, Ijumaa

Jeupe.

Jeupe! Milango, taa, pete za magurudumu, hata ile kamba ya mlango wa nyuma. Jeupe pepepe! Nikapiga kelele kwamba nilisema maziwa. Fundi akasema, naam mzee, haya si maziwa? Akaninong'oneza kwamba hata maji hakutia. Nikamweleza: ziwa, maziwa, ngeli ya tano na ya sita. Akajibu kwamba ng'ombe anaowajua yeye wanatoa ya sita tu. Kisha, kwa upole ulioniudhi zaidi: "Si ungesema bluu, mzee?"

Njiani kurudi, magari yote yalinipisha. Mama mmoja akajishika kifua, akauliza nimembeba nani.

Nilidhani yamekwisha. Lakini mjukuu wangu akatoka ndani, akaliona, akapiga vigelegele. "Babu! Umelifananisha na gauni langu!" Akanikumbatia. Nikasema naam, nililipanga tangu mwanzo. Shemeji akameza mate. Siku tamu kuliko zote tangu nistaafu!

10 Agosti, Jumamosi

Naandika kitandani, hospitalini. Si kitanda nilichokitazamia.

Tuliondoka vizuri. Mekanika kwenye usukani, maana ni yeye pekee anayejua breki zile zinakanyagwa mara ngapi. Mjukuu nyuma, mimi kando yake, suti, ua kifuani. Shemeji nyuma yetu, anakula vumbi letu. Penye njia panda kijana akaruka barabarani akipunga mikono yote miwili. Mekanika akakanyaga, akakanyaga, akakanyaga. Tukasimama mbele kidogo ya kijana, yaani baada yake. Aliwahi kuruka mtaroni. Akatoka akishukuru: gari la wagonjwa limefika haraka hivi! Mama mkwe wake ameanguka ngazini, mguu umevunjika.

Nikafungua kinywa kukanusha. Mjukuu alikuwa ameshashuka, ameshika gauni, anampisha mgonjwa. Akaniambia nenda naye, Babu, mshike mkono. Akapanda gari la shemeji. Shemeji akanipungia.

Hospitalini wauguzi wakafungua mlango. Wakamwona mama, na kando yake mzee mwenye suti, analia. (Nililia. Nakiri.) Wakaleta machela mbili. Nilikataa. Wakasema wote hukataa. Wakanivua viatu, wakanipima kila kitu mpaka harusi ikaisha. Daktari akampigia binti yangu simu nikisikia: kifua safi, moyo imara, huyu atatuzika sote. Akauliza kikohozi alichosikia habari zake ni kipi hicho.

Magharibi mjukuu kaja na gauni lake na kipande cha keki. Kasema, "Babu, ungeniambia tu unataka tukae pamoja. Ningekuja hata kwa miguu." Kisha akamgeukia mama yake: gari lililomfikisha mgonjwa haliendi kwa vyuma chakavu. Binti akakubali kwa sharti: pesa yoyote iendayo kwenye gari lile iende kwenye breki. Rangi, hata tone, marufuku. Nikaapa.

Ametoka tu mlangoni nikala keki. Chozi moja. Mtoto mwenye moyo ule!

12 Agosti, Jumatatu

Nimeruhusiwa. Nimeona mwanga, nimejifunza. Tatizo halikuwa gari, wala breki, wala kikohozi. Tatizo lilikuwa neno lenye maana mbili. Mkaguzi mzima! Aibu.

Basi nimepita kwa fundi rangi kabla ya kwenda nyumbani. Safari hii nimechagua rangi ya mnyama mpole, mwepesi, hudhurungi ya kupendeza, asiyefanana na gari la wagonjwa hata kidogo. Sikumpa nafasi ya kukosea. Neno moja, herufi tatu. Nimemwambia: paka rangi ya paa.

Fundi akarudia: ya paa? Nikasema ya paa, kama alivyo. Akainua uso, akayatazama mabati yenye kutu juu yetu kwa muda, akauliza kwa heshima kama nina hakika.

Sijawahi kuwa na hakika hivi tangu nizaliwe.