Kambale Gani?

Leo nimeaibika, tena ndani ya koti la kuazima.

Mnajua niliomba ule msaada mdogo wa kazi za utamaduni, unaotolewa na shirika moja la Beni. Nataka kinasa sauti. Koko yangu, yaani bibi, bado anakumbuka hadithi za Kinande ambazo hazimo katika kitabu chochote, na sauti yake inazidi kuwa nyembamba kama moshi wa asubuhi. Nikimrekodi kwa simu yangu, hujizima kila sungura anapofika kwa chui. Mpaka leo sijui chui alijibu nini!

Basi, ukumbi wa parokia, mtaani Kimemi, umejaa. Mama kiongozi wa shirika akashika kipaza sauti.

"Donc, mwenye amepata ni Kambale, wa Vulamba..."

Nikaruka. (Mwandishi wa riwaya, nimeshindwa kungoja nukta.) Nikakichukua kipaza sauti, nikahutubia! Nikaanza na ukungu wa milimani, nikapitia majivu ya jiko la koko, nikafika kwenye machozi. Machozi ya kweli, ndugu zangu.

Mama akanigusa bega. "Mais papa, weye ni Kambale gani?"

"Wa Vulamba, maman!"

"Na miye je?" ikauliza sauti ya nyuma.

"Na miye pia!" ikadakia nyingine.

Kwetu Wanande mtoto wa kiume wa pili ni Kambale, mzazi apende asipende. Mama mmoja akapiga kelele: "Bakambale bote basimame, tubaone!" Safu nzima ikainuka. Watu wakashika mbavu.

Ndipo kiongozi akamalizia sentensi yake: "...Kambale wa Vulamba, ule mwalimu wa zamani."

Mzee huyo akaja polepole, akakitoa kipaza sauti mikononi mwangu. (Nilikuwa bado nimekikumbatia.) Aibu ilikuwa kubwa, lakini udadisi ukaishinda. Nikamnong'oneza: "Papa, mradi yako ni ya nini?"

"Ni ya majina yetu. Juu ya nini tunaitana kufuata kuzaliwa, na matata yenye inaleta."

Nikamwomba aniazime kinasa sauti atakachonunua ili kuwarekodi watu, hata kwa hadithi moja tu, ile ya chui.

"Nitakuazima, petit. Mais nitaanza na weye. Weye ni matata ya kwanza."

Kwa hiyo wajukuu wetu, kabla ya kumsikia koko kwenye kinasa hicho, watanisikia mimi nikieleza kwa nini nilisimama. Msicheke, hasa nyinyi akina Kambale: siku moja mtaitwa pia.