Nafasi Moja Kwenye Faili la Miwani

Jumatatu, 4 Mei

Siku yangu imefika! Tunatengeneza programu ya kuendesha oveni za mikate, na Bosi anataka faili la mipangilio ambalo hata asiye fundi wa kompyuta ataweza kulibadilisha. Shindano ni Ijumaa. Mwenye mtindo utakaoshinda ataongoza kazi nzima.

Mimi naleta JSON, mtindo wa kuandika mipangilio kwa mabano, koma na nidhamu. Miwani, jirani yangu wa meza, analeta YAML, ambayo hupanga mambo kwa nafasi tupu mwanzoni mwa mstari. Nafasi tupu! Mtu mzima! Bosi kaongeza TOML ili idadi ifike tatu. Hakuna aliyeitetea, maskini.

Kisha Bosi akanisifu mbele ya wote. Eti kila nikibadilisha kitu kwenye mfumo wetu wa pamoja, naandika maelezo ya kweli yanayoeleweka, wengine waige. Nilivimba kichwa mpaka saa ya kutoka.

Jumanne, 5 Mei

Jaji ni mteja mwenyewe, mwokaji wa ghorofa ya chini. Na mwokaji ni nani? Shangazi yangu! Nilishuka ngazi mbili mbili. Nikamwambia uongozi nimeshaupata, limebaki tangazo tu. Akaacha unga, akanikumbatia. Nikarudi kazini na viganja viwili vyeupe mgongoni.

Kufika mchana kila aliyenunua mkate alikuwa ameshaambiwa. Mzee mmoja kanipa mkono mlangoni. Sasa lazima nishinde.

Jumatano, 6 Mei

Nimempa Shangazi somo la siri. Kazi ndogo: dakika za mkate zitoke 35 ziwe 40. Akauliza mabano ya nini. Nikasema ni ulinzi. Akauliza yanamlinda nani. Akasahau koma, programu ikakataa. Akaweka koma mbili, ikakataa. Akataka kuandika pembeni kwamba oveni ya kushoto inachelewa kupata moto. Nikamweleza kwa upole kwamba JSON hairuhusu maneno ya pembeni. Akaniuliza huyo JSON anaishi na nani, kisha akanifukuza kwa sababu keki inaungua.

Somo limekwenda vizuri kiasi.

Alhamisi, 7 Mei

Miwani anapiga mluzi. Mtu hapigi mluzi bure.

Wenzangu walipokwenda kula, nikafungua faili lake kwenye mfumo wa pamoja, nikiwa mezani kwangu. Nikaongeza nafasi moja kabla ya neno «dakika». Moja tu! Jicho haliioni, lakini YAML itagoma. Nikahifadhi, nikajaza maelezo kama kawaida yangu, nikaenda kula. Hakuna ushahidi wowote. Nilikula sahani mbili.

Ijumaa, 8 Mei

Shangazi kapanda na aproni yake. Akaanza na faili la Miwani, programu ikagoma hata kabla hajaligusa. Miwani akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Nilisikitika sana usoni.

Likaja langu. Koma ikapotea, ikagoma. Shangazi akaniangalia kwa huruma.

Ikaja TOML. Jina, alama ya sawasawa, dakika. Akabadilisha, akaandika na neno lake la pembeni kuhusu oveni ya kushoto, programu ikakubali. Akasema ndivyo anavyoandika kwenye daftari lake miaka yote, na akauliza tulikuwa tunabishania nini.

Ningeokoka hapo. Lakini Miwani akaapa kwamba jana faili lake lilikuwa zima. Bosi akafungua kumbukumbu za mfumo kwenye skrini kubwa. Jina langu. Saa saba na dakika kumi. Na maelezo, ambayo Bosi aliyasoma kwa sauti, taratibu:

"Nimeongeza nafasi moja ili faili la Miwani lisifanye kazi mbele ya Shangazi."

Miwani akacheka mpaka akakaa sakafuni. Bosi naye. TOML haikuwa na mwenyewe, kwa hiyo uongozi kapewa Miwani, kama fidia. Mimi nitaandika mwongozo wa kutumia TOML.

Nikamwomba Shangazi radhi kwa kumwaibisha kwa wateja wake. Akafuta machozi ya kicheko kwa aproni.

"Nitawaambia kiongozi hakuwa," akasema. "Lakini mtoto wa kaka yangu hawezi kudanganya hata akikusudia."

Akanipa mkate wa dakika arobaini. Ulikuwa mtamu, nikafurahi bila kutaka.

Jumamosi, 9 Mei

Nimetafakari. Nilipokosea nimepaona: kumbukumbu! Leo ofisi tupu. Nimeingia kwenye mfumo, nikayafuta yale maelezo ya Alhamisi, nikaandika «Usafi wa kawaida». Jumatatu nitamwambia Bosi alisoma vibaya, uongozi ujadiliwe upya.

Mfumo ukadai maelezo ya badiliko hili pia. Nikaujazia: «Nimefuta maelezo ya Alhamisi ili nimpokonye Miwani uongozi. Bosi asijue.»

Kazi safi. Nimeshuka kumwambia Shangazi aanze kuwatayarisha wateja.