Pandisha, Shusha

Jumatatu, 3 Machi

Ijumaa bosi anatangaza mkuu wa hifadhidata. Ni mimi au Bingwa, mwenzangu wa meza ya pili, anayejua kila kitu na kunyamaza kwa makusudi. Lazima niwe mimi! Mke wangu ameshamwambia mama yake kwamba nimeteuliwa. Mama mkwe anakuja kunipongeza.

Leo nimepata alama. Mfumo wetu wa miadi ya zahanati hubadilishwa toleo kwa toleo. Sasa tuko la 41. Nilipendekeza amri za Kiswahili: "pandisha" kwenda toleo jipya, "shusha" kurudi la zamani. Bosi akasema safi sana. Bingwa akasema "shusha" litaleta utata. Wivu tu.

Jumanne, 4 Machi

Bosi alipiga simu akiwa safarini. Akasema nishushe data yote, upesi, kabla hatujagusa kitu. Laini ikakatika. Bingwa akauliza bosi kasemaje. Nikamjibu hayamhusu.

Nikashusha. 41, 40, 39, mpaka sifuri! Kila toleo likaondoka na majedwali yake ya wagonjwa na miadi. Nilikuwa bado najisifu kwa wepesi wangu pale dada wa mapokezi ya zahanati alipopiga simu. Ukumbi umejaa, akasema, na kwenye skrini hakuna mgonjwa hata mmoja.

Mungu wangu. Bosi alitaka nakala! Kushusha kama watu wanavyoshusha nyimbo mtandaoni!

Nikafungua jedwali dogo linaloonyesha tuko toleo la ngapi. Nikafuta sifuri, nikaandika 41. Angalau panasomeka vizuri.

Jumatano, 5 Machi

Sikulala. Nimemwambia Bingwa mashine imeugua ghafla. Akaandika "pandisha" ili majedwali yarudi. Mfumo ukamjibu hakuna cha kupandisha, tayari tuko 41. Akarudia. Jibu lile lile. Nikampa pole.

Dada wa mapokezi akapiga tena. Wajawazito wanarudishwa nyumbani, hakuna anayejua zamu ya nani. Hilo liliniuma kweli. Nikafungua mdomo niseme ukweli, nikaenda chooni.

Niliporudi, Bingwa alishaigundua ile 41 yangu. Akairudisha sifuri, akapandisha matoleo yote, akajaza nakala aliyokuwa ameihifadhi mwenyewe asubuhi ya jana. Kisha akanisogezea kikombe cha chai. Heri angenitukana.

Ijumaa, 7 Machi

Bingwa ndiye mkuu. Mimi sifukuzwi, ila nisiiguse hifadhidata. Kazi niliyobakiziwa ni moja: nitafute neno badala ya "shusha", lisiloweza kumchanganya mtu.

Mama mkwe ameshafika. Mezani ananiita Mheshimiwa Mkuu. Sijamkatalia, mgeni haudhiwi.

Neno nimelipata, na limeshaingia kwenye mfumo. Kwenda mbele ni "pakia", kurudi nyuma ni "pakua". Bingwa sikumuuliza, asije akadai ni lake. Bosi naona limempendeza, ameshaanza kulitumia: amemwandikia Bingwa apakue data yote kabla hajafunga ofisi.