Vipara Vinne vya Mzee Aristides

Mjini Kayanga, mtu aliyetaka kudanganywa kwa Kiswahili kizuri alikwenda kwa Shabani. Wadanganyifu wengine walikuwapo, tena wa bei nafuu, lakini hawakuwa na ufasaha. Baba yake Shabani alitoka Pangani miaka mingi iliyopita na robota la vitenge, akaoa hapa, akafia hapa, na kitu pekee alichomwachia mwanawe ni ulimi. Kwa watu wanaoongea Kinyambo nyumbani na Kiswahili sokoni, mtu anayesema "laiti" na "ilhali" katikati ya kupatana bei huonekana msomi, na msomi hadaiwi risiti.

Kwa ulimi huo Shabani alikuwa ameuza miche ya vanila iliyokua ikawa magugu, na taa ya kuvutia senene iliyovutia mbu. Tatizo ni kwamba mji ni mdogo. Siku hizi akitokea upande huu wa barabara, wateja wake wa zamani walihamia upande ule, na mkewe Samiha alikuwa amemwambia wazi kwamba mwezi huu ukiisha bila kitu atarudi kwao Bukoba na sufuria zote.

Basi siku hiyo ya Jumatatu alikuwa kwenye benchi la duka la spea, anakunywa kahawa ya bure, aliposikia sauti nzito ikisema, "Nataka matairi ya mashindano. Manne."

Aliyesema ni Mzee Aristides, mnunuzi wa kahawa mwenye asili ya Muleba aliyehamia Kaisho tangu ujana. Alikuwa na shamba la migomba, ng'ombe, wajukuu saba na kiti chake cha mbele kanisani. Akiwa na miaka sitini na miwili, wakati wenzake wananunua viwanja vya kuzikiwa, yeye alinunua gari jekundu la milango miwili, la chini kiasi kwamba kuku angepita uvunguni sharti ainame. Gari lile halikuweza kufika kwake Kaisho, kwa kuwa barabara ingelipasua tumbo. Lililazwa hapa Kayanga, nyuma ya kituo cha mafuta, na mzee alikuja na pikapu kila Jumatatu kulitazama, kama mtu anavyokwenda kumtazama mgonjwa.

"Mzee wangu," akajibu mwenye duka, "ninayo ya pikapu, ya trekta na ya toroli. Hayo ya mashindano niagize Dar, mwezi mmoja."

"Mwezi! Jumamosi ijayo natakiwa Uganda, kwenye duara la lami. Wamenialika watu wenye magari kama langu. Sasa niende na haya ya kuendea sokoni wanicheke?"

Shabani aliweka kikombe chini taratibu. Kuna watu wakisikia adhana miguu yenyewe huwapeleka msikitini. Ndivyo miguu ya Shabani ilivyomfanyia alipomsikia tajiri mwenye haraka.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Wewe ni nani?"

"Mimi ni mshauri wa matairi," akasema Shabani, ambaye tangu azaliwe alikuwa na pikipiki moja na baiskeli mbili. "Laiti ungenijua mapema usingehangaika. Nina mzigo wa matairi ya mashindano unaosubiri mtu mwenye gari la heshima. Nipe siku mbili."

Mzee alimtazama kuanzia kofia hadi kandambili. "Siku mbili," akasema, akaenda zake.

Shabani hakwenda nyumbani. Alizunguka nyuma ya kituo cha mafuta, akaandika kiganjani namba za ukubwa wa matairi ya lile gari, kisha akakaa na simu mpaka kifurushi kikaisha, akitazama magari ya mashindano ya nchi zote. Hapo ndipo alipoona jambo lililomfanya acheke peke yake kama aliyepagawa. Matairi ya mashindano ya lami hayana meno! Ni laini pande zote, meusi, kipara kitupu. Watu wenye akili timamu, huko Ulaya, walikuwa wakitoa mamilioni kununua kitu ambacho huku askari wa barabarani anakuandikia faini ukikutwa nacho.

Na vipara Karagwe vimejaa tele.

Kesho yake asubuhi alikuwa Omurushaka, kwa Salvina, mjane anayeziba pancha pale njia panda. Nyuma ya kibanda chake kulikuwa na mlima wa matairi yaliyokwisha, ambayo mafundi wa kandambili huja kuyachagua. Shabani alipanda mlima ule akiwa na kiganja chake, akisoma namba. Matairi ya lori. Ya bodaboda. Ya Land Rover iliyokufa kabla ya Salvina kuolewa. Alikuwa karibu kukata tamaa alipoyaona manne pembeni, mapana, yamefunikwa majani ya migomba, yote kipara kama kichwa cha askofu. Akasoma namba ubavuni. Ukubwa ule ule! Chini ya namba kulikuwa na maandishi mengine mengi madogo, lakini mtu aliyekwisha kupata anachotaka hasomi zaidi.

"Haya umeyatoa wapi, dada?"

"Kuna lori lilipita na magari ya mchezo, linatoka Rwanda," akasema Salvina bila kuinua kichwa kwenye pancha. "Dereva alitaka nafasi ya kupakia mikungu ya ndizi, akayashusha. Akaniambia yatanifaa kwa kandambili. Uongo, ni laini mno, kandambili zake zinanata sakafuni. Unayataka ya nini?"

"Ya kuzungushia bustani ya maua. Samiha anapenda maua."

Salvina alimtazama. "Samiha wa sufuria? Haya. Elfu themanini yote."

Hazikuwa zote za kwake hizo elfu themanini, nusu aliikopa kwa shemeji, lakini alilipa. Akayaosha matairi kwa sabuni ya unga, akayapaka kiwi mpaka yakang'aa, akayafunga kwa nailoni mpya. Siku ya Jumatano yalikuwa yamepangwa nyuma ya kituo cha mafuta kama maharusi wanne.

Mzee Aristides alifungua nailoni, akavaa miwani, akainama. Alisoma ubavu wa tairi polepole, kama anayesoma Injili siku ya sikukuu. Akabonyeza kwa ukucha. Akalizungusha, akasoma tena. Kisha akakohoa.

"Yana kipara," akasema.

Hapa ndipo Shabani alipoutoa ulimi wa baba yake. "Mzee wangu, meno ni ya matope! Tairi lenye meno linagusa lami kwa vidole. Hili linagusa kwa kiganja kizima. Mpira wake ni laini makusudi, ukipata moto unanata. Lami kavu, hili ndilo tairi, ilhali mengine ni mapambo. Ila usiliendeshe kwenye mvua, nakuonya kama mwanao. Haya yametoka moja kwa moja kwenye magari ya mashindano, sijapata kuona yaliyo bora kuliko haya. Wallahi—" Akasita kidogo, maana kiapo kina wenyewe, akamalizia, "—wallahi milioni moja na laki sita."

Mzee akavua miwani. "Maneno yako yote nimeyasikia, waitu, mwenzangu. Nitalipa. Yafungwe kwanza, tuyajaribu."

"Bila shaka. Mimi nitakungoja hapa kivulini."

"Utanisubirije hapa? Mshauri hukaa ndani ya gari."

Shabani alicheka. Mzee hakucheka. Robo saa baadaye, vipara vinne vikiwa vimefungwa, Shabani alikuwa amekaa kwenye kiti chekundu kilichombana mbavu, mkanda umemkata kifua, makalio yake yakiwa karibu na ardhi kuliko yalivyopata kuwa tangu aache kutambaa. Mbele yake ilikuwa barabara ya kwenda Kyaka, lami tupu, milima na kona.

"Umesema yanataka moto," akasema Mzee Aristides, akakanyaga mafuta.

Gari halikuondoka, lilitoroka. Migomba ya pande zote mbili ikageuka ukuta mmoja wa kijani. Shabani aliona kona ya kwanza ikija, na pembeni yake bonde, na ndani ya bonde paa la nyumba ya mtu, dogo kama kiberiti. Akakumbuka kwamba chini yake kulikuwa na matairi yaliyokataliwa na mafundi wa kandambili.

"Mzee! Ile bei ilikuwa ya kuanzia! Milioni moja na nusu!"

"Sawa," akasema mzee, akaingia kona bila kugusa breki.

Shabani alifumba macho. Alipoyafumbua bado alikuwa hai, jambo lililomshangaza, na kona ya pili ilikuwa imefika.

"Milioni! Milioni kamili, mzee wangu, punguza mwendo!"

"Kwa nini? Si umesema yananata?"

"Yananata! Lakini... yana matatizo kidogo."

"Matatizo gani?"

Hapo Shabani akapiga hesabu. Akisema kweli, mzee huyu ana mikono ya kubeba magunia. Asiposema, lile paa la kiberiti litamngoja. "Yametumika," akasema kwa sauti ndogo.

"Yametumika wapi?"

"Kwenye... mashindano."

"Vizuri, yana uzoefu," akasema Mzee Aristides, na sasa walikuwa wanateremka.

Mteremko ule una kona nne. Kwenye ya kwanza Shabani alishuka hadi laki saba. Kwenye ya pili alisoma shahada, akamtaja mama yake, akashuka hadi laki tatu. Kwenye ya tatu matairi yalitoa mlio mrefu, yeye akatoa mrefu zaidi, akasema laki moja. Hakuona kwamba gari lilikuwa limeshika lami kama mjusi ashikavyo ukuta, wala kwamba mzee aliliendesha kwa vidole viwili. Hofu ina macho makubwa, lakini haioni chochote.

"Simama! Toa chochote!"

"Chochote ni kiasi gani?"

"Elfu hamsini! Na nauli sitaki!"

Gari likasimama pale pale, sawia, kama lililoota mizizi. Mzee Aristides akatoa mfukoni elfu hamsini na karatasi iliyokwisha kuandikwa. Ilisema kwamba Shabani amemuuzia matairi manne ya mashindano, halisi, kwa hiari yake, akiwa na akili timamu. Iliyobaki wazi ilikuwa nafasi ya bei tu. Shabani aliijaza, akatia sahihi kwenye goti, akashuka, akatapikia maharage ya mtu.

Siku tano alijificha ndani, akisubiri habari za msiba. Alikuwa amepoteza elfu thelathini, lakini alijiona ameokoa roho yake, na usiku aliiombea ya mzee. Ilipokuja habari Jumatatu haikuwa ya msiba. Mzee Aristides alikuwa amerudi kutoka Uganda na kombe la nafasi ya tatu, mbele ya vijana wanaolingana na wajukuu zake.

Shabani alikimbia hadi Omurushaka. Salvina alikuwa amekaa kando ya mashine mpya ya upepo, nyekundu, bado ina karatasi za dukani.

"Mzee Aristides ndiye kaninunulia," akasema. "Aliulizia mpaka akajua yalikotoka, akaja kuniuliza kama nina mengine kama yale. Yalikuwa halisi, Shabani. Anasema seti moja ni milioni nne, na yamekimbia siku moja tu. Mimi nimekata moja la tano nikatengeneza kandambili! Nimelia kutwa." Akamtazama kwa huruma. "Na maua ya Samiha yanaendeleaje?"

Alimkuta mzee nyuma ya kituo cha mafuta, anafuta gari kwa kitambaa cha kanzu.

"Mzee, umeniibia!"

"Shikamoo imekwenda wapi?"

"Shikamoo. Umeniibia! Ulijua!"

"Marahaba. Nilijua nini?"

"Kwamba ni halisi!"

Mzee Aristides akakunja kitambaa mara mbili. "Maandishi yapo ubavuni, mwanangu, hadi wiki yalipotengenezwa. Na wewe mwenyewe uliniambia. Ulisema yametoka kwenye magari ya mashindano, yananata, hakuna bora kuliko hayo. Ukaapa. Mimi niliamini kila neno." Akamtazama kwa upole ambao Shabani asingeusahau. "Wewe ndiye hukujiamini."

Shabani alifungua mdomo. Alitafuta "laiti," akatafuta "ilhali," na kwa mara ya kwanza tangu baba yake atoke Pangani hakukuwa na kitu. Angekwenda kushtaki kwa nani, na angesema nini? Kwamba alimuuzia mtu alichomwambia anamuuzia?

Mzee alimwonea huruma. Akafungua mlango wa pili wa gari jekundu. "Jua kali. Panda nikupeleke kwako, ni dakika mbili."

Shabani alikitazama kiti. Akayatazama matairi. Sasa alijua kwamba mkoa mzima wa Kagera haukuwa na gari lililoshika lami kuliko lile.

"Ahsante mzee," akasema, akaenda kwa miguu.